Umesevu au Umesefu?

Wadogo zangu wa kazini, ni Grâce ndiye aliniomba niandike. Siku ile ya keki ya kuniaga alinipa daftari la mistari, akasema, "Mama Espe, andika vyenye ulifanya hapa tangu mwanzo, sisi tutasoma." Nikamwambia mimi shule nilifika darasa la tatu, na la tatu lenyewe nusu, mwalimu alitoka kwenda kutafuta chaki hakurudi mpaka leo. Akasema, "Andika tu kama unaongea." Bon. Naandika kama naongea. Mkichoka pumzikeni, mimi sitajua.

Mshahara siusemi. Ulikuwa mfupi kama shuka ya mtoto, ukifunika kichwa miguu inabaki nje. Na cheo sikuwahi kupewa ila kimoja, nitakitaja mbele.

Lakini kwanza iko neno moja hapa studio nataka tuliongee. Mtu akifuta kazi kwa makosa mnasema amesefu. Kabla ya kufunga kompyuta mnaulizana, "Umesevu au umesefu?" Halafu mnacheka. Kusevu ni kuhifadhi, kusefu ni kupoteza. Hata Grâce anasema, na Grâce ndiye mkubwa wenu. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nacheka pamoja na nyinyi, nakusanya vikombe, naenda jikoni nafungua maji ya bomba hata kama sina cha kuosha. Neno hilo lina mwenyewe. Aliitwa Mzee Sefu, alikuwa mtu wa Tanga, na kile mnachosema alifanya, hakufanya.

Nitafika huko. Acha nianze mwanzo, la sivyo nitapotea.

Nilifika Durban kutoka Uvira kwa njia ya chini, yaani mabasi, malori, na miguu pale magari yalipogoma. Mtoto wa kwanza nilimshika mkono, wa pili nilimzaa njiani, Malawi. Binamu yangu alikuwa anasuka nywele mjini, akasikia kutoka kwa mteja kwamba Greyville kuna Mhindi anatafuta mtu wa usafi. Nikaenda. Ni nyumba hii hii, juu ya duka la mapazia. Ngazi ni zile zile, na ile ya saba ilikuwa imevunjika tangu wakati huo, kwa hiyo msinilaumu mimi.

Bwana Naidoo, mwenye studio, alinipa fagio akanionyesha chumba kikubwa kwa kidole. Mimi Kiingereza changu kilikuwa "yes" na "thank you". Juu ya mlango ilikuwa inawaka taa nyekundu. Robot ya barabarani, zile taa za magari, nilishaijua, nyekundu gari linasimama. Hakuna aliyeniambia kwamba hata mwanamke mwenye fagio anasimama. Nikaingia. Vijana watatu walikuwa wanapiga vyombo wamefumba macho, nikasema moyoni hawa wanasali, nisiwasumbue, nitafagia polepole. Nikawa nafagia, naimba pole pole wimbo wetu wa kanisani kwa Kiswahili.

Mara sauti ikatoka juu, kwenye dari, sauti nzito ya mwanamume: "We mama! Fagio lako linaimba vizuri sana, lakini halimo kwenye wimbo."

Nilipiga magoti. Sisemi uongo, nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. Nilijua Mungu ananiita, kitu kilichonishangaza ni kwamba Mungu anasema Kiswahili cha pwani.

Alikuwa Mzee Sefu, nyuma ya kioo, anaongea kwa spika. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mkanda ule wenye sauti ya fagio aliuweka, akawa anaupigia wageni.

Kazi ya sauti alijifunzia melini. Alikuwa fundi wa umeme kwenye meli za mizigo, siku moja meli ikamuacha bandarini hapa akiwa hospitali na malaria, akapona, akaanza kutengeneza redio za watu, mwisho Naidoo akamchukua. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka lina ncha. Alikuwa na mambo mawili ambayo hayaguswi: chai yake na Kiswahili chake. Chai ilikuwa ya tangawizi, na Kiswahili alikuwa anakisahihisha kwa kila mtu, hata kwa mtu mwenye msiba.

Siku ya kwanza aliniuliza kama kuna chai, nikasema, "Iko."

"Iko wapi?"

"Jikoni, Mzee. Iko."

"Sasa kama unajua ni jikoni, kwa nini unasema iko? Chai ipo! Sikiliza, Mama Kongo. Kitu unachojua mahali pake, kipo. Kitu ambacho hujui hasa kiliko, ndicho kiko. Sufuria ipo pale. Mume wako?"

Nikageukia sufuria. Mume wangu tulipotezana naye usiku wa kukimbia. Nikasema, "Yuko."

Mzee akachukua kikombe chake. Halafu akasema, "Basi hilo umelisema sawa."

Toka siku hiyo ukawa mchezo wetu. Kila asubuhi anapita chumba kikubwa, maana ukitoka chumba cha mashine kwenda jikoni lazima upite hapo, anapaza sauti: "Chai ipo?" Mimi najibu: "Iko!" Anajibu: "Mshenzi wa Kongo!" Anakuja anakunywa. Miaka yote sikumpa "ipo" hata moja, na yeye hakunipa "iko". Tulikuwa watu wazima, msituige.

Polepole akaanza kunifundisha. Nyinyi leo mnabofya tu, lakini wakati ule muziki ulikuwa kitu cha kushika mkononi, mkanda mpana kama vidole vitatu, umezungushwa kwenye gurudumu zito kama mtoto wa miezi sita. Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama jiko, ndiyo ya kurekodia, mkanda wake una njia ishirini na nne, kila chombo na njia yake. Ya pili ndogo, ya kuhamishia wimbo ukishaiva. Nilijifunza kukata mkanda kwa wembe na kuunganisha. Nilijifunza kusafisha vile vichwa vya chuma ambapo mkanda unapita, kwa vijiti vya pamba na spiriti, maana vumbi kidogo tu na muziki unaanza kusikika kama mtu amefunikwa na blanketi. Na nilijifunza kufuta. Ukitaka kufuta njia moja unawasha kitufe chake chekundu, unaacha mkanda utembee, unarekodi kimya juu ya sauti. Njia moja moja, alisema, kama kufua: nguo nyeupe peke yake.

Kitu kingine alichonifundisha, na hiki nawaachia urithi: noti ya mwisho ina mkia, usiukate. Wimbo ukiisha wanamuziki wanataka kukimbia kusikiliza. Waache wakimbie. Wewe acha mkanda utembee mpaka chumba chenyewe kinyamaze. Yeye alikuwa anaondoka kabisa kwenye kiti anaacha mkanda unatembea.

Siku za mbio za farasi tulikuwa hatufanyi kazi, kelele za uwanja wa jirani zilikuwa zinapanda mpaka kwenye mikrofoni. Farasi mmoja yumo kwenye wimbo wa harusi wa watu wa Morningside, na hawajui. Lakini hiyo ni hadithi nyingine, na wenyewe bado wameoana.

Sasa, Vifagio.

Jina lao la kweli mnalijua, picha yao iko hapo kwenye korido. Sisi na Mzee tuliwaita Vifagio kwa ajili ya nywele, zilikuwa zimesimama wima. Wanne: wa gitaa, wa mashine ya ngoma, Ashwin wa vinanda, na Thandeka mwimbaji, msichana wa Umlazi aliyekuwa mwanafunzi wa unesi. Muziki wao Mzee alisema unaitwa wimbi jipya. Nikamwuliza jipya tangu lini, akasema kule ulikotoka lilishazeeka, lakini mawimbi yanachelewa kufika Durban kwa sababu yanapanga foleni bandarini pamoja na makontena.

Mimi mwanzoni sikuupenda. Ngoma ilikuwa ya mashine, haichoki, haitoki jasho. Gitaa kama mtu anayegonga mlango wa choo. Lakini juu yake sauti ya Thandeka ilikuwa inapita baridi, imenyooka, haitikisiki, kama mtu anayesimulia msiba wake bila kulia. Hiyo niliielewa. Nilikuwa nikisimama na ndoo yangu mlangoni mpaka Mzee anapiga kioo.

Albamu ya kwanza ilipigwa redioni kidogo. Ya pili ndiyo ilikuwa kazi. Mtoto wa kwanza kila mtu anakuja kumwona, analeta sabuni na kitenge. Wa pili lazima ajitetee mwenyewe, mimi wangu nawajua. Walirekodi miezi. Nyimbo tisa zikawa tayari, ukabaki wa kumi, wa kufunga. Thandeka alitaka huo uwe tofauti: hakuna mashine ya ngoma, hakuna gitaa, piano tu na yeye, wote wawili katika chumba kikubwa, kwa pamoja. Na ilikuwa lazima upesi, kwa sababu alishapata kazi ya unesi Uingereza, mkataba wa miaka, na Jumapili anapanda ndege. Nilijua hiyo Jumapili. Ikumbukeni.

Ijumaa asubuhi wakaingia, Ashwin kwenye piano yake na mikrofoni yake, Thandeka hatua tatu kutoka hapo na mikrofoni yake. Mara ya kwanza alikohoa katikati. Mzee akaifuta palepale mbele yao. Mara ya pili mimi nilikuwa jikoni, bomba linatiririka, nasikia kwa mbali tu. Baadaye Mzee akatokea mlangoni amekasirika.

"Nimekuita, hukuitika!"

"Maji, Mzee. Sikusikia."

"Leo ndiyo ungesikia," akasema, halafu akacheka peke yake, hakueleza.

Thandeka akachungulia, akaniambia, "Bye, Mama," akanikumbatia. Nikajua ni bye ya mpaka kesho. Nikaenda chumba kikubwa kufagia, nikakuta koti lake jeusi kwenye kiti cha piano, lile koti la mabega mapana ambalo hakuliacha hata Februari na joto lote la hapa. Nikasema huyu anarudi.

Mzee alikuwa anakimbilia sala ya Ijumaa, amechelewa, anavaa kofia huku anashuka ngazi. Akapaza sauti kutoka chini: "Mama Kongo! Ukimaliza, futa ya pili! Ya kwanza nimeshafuta mwenyewe!"

Sasa nisikilizeni. Kwetu Uvira vumbi tunapanguza. Meza unapanguza, jasho unapanguza. Kufuta ni kile mwalimu anafanya ubaoni, maneno yalikuwapo, hayapo tena. Na Mzee siku zote za vichwa vya mashine alisema "safisha". Safisha vichwa, futa njia. Siku ile moja, kwa haraka, alisema futa.

Mimi nikapiga hesabu yangu. Ya kwanza, ile ya kikohozi, ni kweli ameshafuta, nilimwona. Ya pili naona hawakuipenda. Koti liko kwenye kiti, msichana anarudi kesho kuimba tena. Kila kitu kilikubaliana. Nikawasha kitufe chekundu cha njia ya kumi na sita, ya sauti. Nikaketi. Kufuta ni sawasawa na kuimba, kunachukua muda ule ule. Dakika nne nzima nilikaa na mikono nimekunja mapajani, spika zimezimwa, naangalia mshale umelala chini hautikisiki, na nilikuwa nafurahi kwamba Mzee akirudi atakuta kazi imekwisha.

Sauti ikaisha. Nikarudisha mkanda mwanzo ili nifute piano. Hapo Mzee akaingia.

"Unafanya nini?"

"Nafuta, Mzee. Sauti nimemaliza. Bado piano."

Hakupiga kelele. Alikuja akanitoa kidole kwenye kitufe, taratibu, kama unavyomtoa mtoto karibu na moto. Akakaa. Akavua kofia.

"Mashine, mwanangu. Nilisema mashine ya pili. Vichwa vyake. Vumbi."

"Vumbi tunapanguza, Mzee."

"Sisi tunafuta."

Tukatazamana. Nikasema, "Si atarudi kesho? Koti lake liko hapa."

"Ndege yake ni leo. Walibadilisha. Yuko njiani kwenda uwanja wa ndege."

Mfukoni mwa koti mlikuwa na karatasi, Mzee akanisomea. Ilikuwa imeandikwa: Mama, hili ni lako, kule nitanunua la baridi zaidi. Ile karatasi nilikuwa nimeiona nusu saa nzima imechungulia mfukoni. Kama ningejua kusoma Kiingereza.

Naidoo alipopanda ngazi na Ashwin, walikuja wanacheka, wanataka kusikiliza. Mzee akawaambia palepale. "Sauti imefutika." Naidoo akauliza nani. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Mzee akasema kwa Kiingereza. "Kidole cha uzee." Halafu akanigeukia, anatabasamu kama mtu anayeomba maji, akasema kwa Kiswahili, "Funga mdomo, mwanangu, nenda kapike chai."

Nikaenda. Hicho ndicho nimekibeba, wadogo zangu. Nilienda kupika chai.

Alinifuata jikoni baadaye. Nikamwambia nitasema. Akaniuliza karatasi yangu ya ukimbizi inaisha lini. Nikasema mwezi ujao. Akauliza barua ya kuonyesha kwamba niko na kazi anaandika nani. Nikasema Naidoo. Akainua mabega.

"Kwetu kupo, Espe. Ile nyumba naijua mpaka misumari. Kwenu kuko. Ndiyo hivyo, tusibishane, na tangawizi umeweka kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina.

Naidoo hakuwa mtu mbaya, lakini Vifagio walikuwa wamemwaga miezi yote ile hapo, na Ashwin alikaa kwenye ngazi ya saba analia. Naidoo akamwambia Mzee amalize wiki, Jumatatu asije. Na Jumamosi Mzee akaja amepiga shati pasi kama kawaida. Akafunga njia zote, akaacha piano peke yake, akapandisha sauti. Piano ikajaa chumba, na ndani ya piano, mbali, kama mtu anaimba chumba cha pili na mlango umeegeshwa, Thandeka. Mikrofoni ya piano ilikuwa imemsikia. Hatua tatu tu.

Ashwin akainua kichwa. Mzee akafanya kazi siku nzima bila kula, akimvuta yule msichana kutoka kwenye piano kama unavyotoa mwiba. Hakumleta karibu kabisa, haikuwezekana. Alimleta mpaka mlangoni. Mimi nilileta chai mara nne, akainywa ikiwa baridi.

Huo ndio wimbo wa kumi. Mnaujua. Watu wanakuja kutoka mbali kuuliza nani aliwaza kuiweka sauti mbali vile. Kwenye jalada la albamu majina yote yapo, hata la mwenye duka la mapazia. La Mzee halimo. Langu limo, mstari wa mwisho: chai, Mama Espe. Hicho ndicho cheo changu.

Nilimsindikiza kituo cha mabasi. Alinipa wembe wake, vijiti vyake na sanduku la vifaa. Nikamwambia ajue nitasema ukweli siku moja. Akasema, "Siku hiyo useme kwa Kiswahili sanifu." Halafu akasema atakuja kunywa chai. Basi likaondoka.

Barua yangu ya kazi ilitoka, karatasi ikapanuliwa. Kila ilipopanuliwa nilisema sasa nitasema, halafu nikasema ngoja nyingine. Watoto shule, kodi, mnajua wenyewe. Na Naidoo akaanza ule msemo, kwa mzaha tu: msinifanyie Sefu. Wazungu wakasema, Wahindi wakasema, Wazulu wakasema. Mkanda ukaondoka, kompyuta ikaja, na nyinyi watoto wa Kongo na Burundi mkaja nayo mkakuta neno limelala hapo kama kiatu cha marehemu, mkalivaa. Kusefu.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa napita kwa binamu yangu, wakati huo ameshaacha nywele anauza simu, na mabaharia walikuwa wanakuja hapo kununua laini. Nikisikia Kiswahili cha pwani namsogelea mtu. Umetoka Tanga? Unamjua Mzee Sefu, fundi? Wengi walisema hapana. Siku moja kijana mmoja wa makontena akasema, "Mzee Sefu wa redio? Mbona jirani yetu. Hayupo."

Nikamwuliza amesafiri kwenda wapi.

Yule kijana akainua viganja viwili, akamsomea dua. Ndipo nikakumbuka kwamba watu wa pwani wanajua wanachosema.

Mwaka huu wa mwisho wangu kazini, mnakumbuka, likaja wazo la kuitoa tena albamu ile. Mikanda ilikuwa stoo, imenata kama peremende kwenye jua. Ukiicheza vile inachubuka, muziki unabaki kwenye mashine kama unga mweusi. Grâce akauliza nani anajua kuioka, yaani kuikausha kwenye oveni mpaka inaacha kunata. Hakuna anayejua ila mimi, na mimi nilijua kwa sababu Mzee aliniambia: moto mdogo kabisa, masaa mengi, usifungue mlango kwa umbea. Nimeoka mkate maisha yangu, nimeoka keki za ubatizo, siku hiyo nikaoka wimbo wa kumi. Nilikaa mbele ya oveni kwenye stuli kuanzia asubuhi hadi jioni. Grâce akasema, "Mama, nenda upumzike." Nikasema hapana.

Kesho yake tukauweka kwenye mashine ile kubwa, ya kwanza, ya pekee iliyobaki. Grâce akafunga njia zote akaacha piano. Thandeka akaimba kutoka mlangoni. Sikulia, nilikuwa nimeshazoea. Noti ya mwisho ikapigwa. Kwenye albamu iliyouzwa wanapunguza sauti hapo, inakwisha. Lakini mkanda ulikuwa unaendelea kutembea, maana aliyeurekodi alikuwa mtu wa kungoja mkia. Piano ikafifia. Kiti kikalia. Mlango wa chumba cha mashine ukafunguka, viatu vikapita, viatu vya ngozi, najua hata soli yake. Na katikati ya chumba kikubwa sauti nzito ikaita:

"Chai iko?"

Iko! Mtu wa Tanga. Baada ya miaka yote hiyo ya kubishana, aliniachia moja, kwa sababu alikuwa amefurahi, kwa sababu wimbo ulikuwa umetoka vizuri, na mimi nilikuwa nimefungua bomba. Kwenye mkanda kinasikika kimya cha kungoja jibu. Halafu viatu vinaondoka.

Grâce, nakushukuru, hukugeuka kunitazama. Uliuliza tu, na kipanya mkononi: "Mama, hii kelele ya mwisho niifute?"

Nikasema, "Usifute."

Ndipo nikakaa chini nikakueleza wewe kwanza. Ukanipigia simu ya Thandeka kule, yeye sasa ni nesi mkubwa, sauti imekuwa nene. Nikamwambia: ni mimi, haikuwa yule mzee. Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Halafu akauliza, "Mama, lile koti lilikutosha?" Nikasema halikunitosha hata siku moja, mabega yake ni ya mwanajeshi. Akacheka, akalia, akasema jina la mzee liwekwe juu kabisa. Bwana Naidoo yuko kwa binti yake, masikio hayasikii vizuri. Nilimwandikia, kijana wake akamsomea. Bado hajajibu. Namngojea.

Kwa hiyo ombi langu ni lile la mwanzo. Kupoteza kazi ya watu mkuite mnavyotaka. Mkitaka iteni kuespe, nimeruhusu, mimi ndiye niliyekaa dakika nne na mikono mapajani. Kusefu ni kile kitu kingine, cha Jumamosi.

Nyumbani niko na albamu mpya, mjukuu aliniwekea kwenye simu. Mchana nikiweka sufuria jikoni naiacha iimbe zote kumi. Nikiona piano inafifia nafunga bomba, nasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Viatu vinapita. Anauliza.

"Iko, Mzee," namwambia. "Iko."